Sifa za Debe Tupu

Nilifika karakana ya fundi nikiwa nimekumbatia katoni ya sabufa, spika ya besi. Ubavuni mwake paliandikwa kwa tarakimu nyekundu: wati 2,000. Niliitua juu ya meza ya kazi, nikaamkia, nikasubiri ifunguliwe. Mzee akaitikia marahaba, akajipangusa vumbi la mbao viganjani, akaipita katoni bila kuitupia jicho, akaenda kufungua buti ya gari langu, Toyota IST kama zile zilizojaa barabara za Dar es Salaam. Aliingiza kichwa ndani. Akapima kwa shubiri kutoka mgongo wa kiti cha nyuma hadi mlangoni. Akagonga bati kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Ndipo alipogeuka kuniuliza, "Mwanangu, unasikiliza muziki gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Dukani nilikotoka niliulizwa nina shilingi ngapi na nataka kishindo kiasi gani. Mwamba ngoma huivutia kwake, nami sikumlaumu muuzaji kwa kuivutia kwenye wati, maana wati ndizo alizonazo rafuni. Fundi aliivutia upande ambao sikuujua kuwa upo: kwenye sikio langu, kwenye umbo la gari langu, na kwenye hewa iliyokuwa imetulia ndani ya buti ile tangu gari litoke Japani.

Nimekaa na mafundi wa aina hii mara nyingi tangu siku ile, nikiwashikia tochi, nikiwapokelea skrubu, nikijifunza kwa kutazama. Watu huwaita mafundi redio, jina dogo kwa kazi yenyewe. Seremala hupima mbao na mshonaji hupima kitambaa. Hawa hupima utupu. Huukata utupu kwa lita, huuzungushia kuta, huuziba nyufa, kisha huufundisha kuimba.

Lugha yetu haikuwahi kuuheshimu utupu. Debe tupu haliachi kuvuma, tuliambiwa utotoni kila tulipoongea kupita akili zetu. Kwa binadamu methali hiyo ni haki tupu. Lakini mtazame mtengeneza ngoma. Yeye huchukua gogo zima, zito, lisilo na sauti, akalichimba mpaka libaki mzinga. Alichokiondoa ndicho kinachoipa ngoma sauti. Mabibi na mababu waliotuachia chapuo, msondo na vumi walijua kwamba urefu wa mzinga na upana wa mdomo wake ndivyo vinavyoamua kama ngoma italia kwa sauti nyembamba au itanguruma. Fundi wa sabufa ni mjukuu wa mtu huyo. Kazi yake ni kutengeneza debe tupu ambalo kuvuma kwake kumepimwa.

Kwa nini tumhitaji? Redio ya gari huja na spika milangoni, na spika hizo huimba. Sikio la binadamu aliye mzima husikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi 20,000. Sauti ya mtangazaji, filimbi, na sehemu kubwa ya kinanda na gitaa hukaa vizuri ndani ya uwezo wa spika ndogo ya mlangoni. Taabu huanza chini. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa kuwa sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Gari langu lote halifikii mita 4. Kulisukuma wimbi lenye urefu wa magari mawili kunahitaji hewa nyingi, na kila ukishuka chini deni huongezeka: kutoka mitetemo 80 kwenda 40, koni ileile ikitaka kusikika kwa nguvu ileile lazima isogee mara nne zaidi. Spika ya mlangoni ikilazimishwa kufanya hivyo hupapatika, hukwaruza, mwisho huungua. Sabufa imezaliwa kwa ajili ya safari hiyo ndefu ya koni, kwenda mbele na kurudi nyuma.

Spika yenyewe ni kitu cha zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric nchini Marekani, walieleza mwaka 1925 namna ya kufunga koili ya waya kwenye koni na kuiacha icheze mbele ya sumaku. Ukiifungua sabufa yoyote leo utakuta wazo lao likiwa hai: sumaku, koili, koni, na mpira wa ukingoni unaoishikilia koni. Na walikuta tatizo ambalo fundi wangu alinionyesha kwa vitendo kabla hajakata ubao hata mmoja.

Aliishika spika mkononi, wazi, bila boksi, akaiunganisha na muziki. Koni ilicheza kwa nguvu, nikaiona kwa macho, lakini besi haikuwepo. Palikuwa na mtikisiko wa koni na sauti ya kikaragosi. Kisha akailaza kifudifudi juu ya ubao mpana wenye tundu la duara. Besi ikajitokeza mara moja, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. "Umeona?" akasema. "Ikisukuma mbele, inavuta nyuma. Hewa ya mbele inazunguka ukingo inakwenda kujaza pengo la nyuma. Zinafutana." Boksi, basi, kazi yake ya kwanza ni kuzitenganisha hewa mbili ambazo zikikutana zinauana. Kazi yake ya pili ndiyo yenye ufundi: kuamua hewa iliyofungiwa nyuma itafanya nini.

Chaguo la kwanza ni kuifungia kabisa. Hewa iliyofungwa ni springi. Bonyeza mpira wa miguu uliojazwa uone: unarudisha mkono. Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya Acoustic Research, alitoa spika ya AR-1 iliyoitumia springi hiyo kwa makusudi. Kabla yake, mtu aliyetaka besi ya kweli nyumbani alilazimika kuweka boksi kubwa kama kabati. Villchur aliilegeza koni, akaifungia ndani ya boksi dogo lisilovuja, akaiachia hewa kazi ya kuirudisha mahali pake. Kila boksi lililofungwa ndani ya buti ya gari leo linaishi kwa wazo hilo.

Springi ya hewa hutegemea lita. Boksi likiwa dogo mno, hewa inakuwa ngumu, koni inagoma kushuka, na besi inatoka fupi yenye kujikwaa, ikivimba kwenye sauti moja tu. Likiwa kubwa mno, hewa inalegea, koni inakosa wa kuishika, nayo hurushwa kupita kiwango chake. Spika nyingi za inchi 10 hupenda boksi lililofungwa la lita 18 hadi 20. Nilipoisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya, kwa sababu nakijua chombo cha lita 18 hadi 20. Nimekibeba kichwani nikiwa mtoto. Ni debe.

Tunapataje kujua lita zinazofaa? Kwa miaka mingi watu walibahatisha. Kisha Neville Thiele, mhandisi wa Australia, akachapisha mwaka 1961 hesabu za namna spika na boksi lake zinavyoshirikiana, na Richard Small aliyefanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Sydney akaziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu wakati huo kila spika ya maana huja na karatasi yenye tabia zake: mtetemo ambao koni huupenda yenyewe ikiachwa huru, ulegevu wa kishikizo chake ukilinganishwa na kiasi cha hewa, na uwezo wake wa kujizuia isiendelee kucheza baada ya muziki kunyamaza. Ni kama cheti cha kuzaliwa. Fundi hukisoma kabla ya kusoma wati. Katoni yangu yenye tarakimu nyekundu, tulipoifungua, haikuwa na karatasi hiyo. "Huyu hatujui ni mtoto wa nani," mzee akasema, akairudisha ndani kwa upole.

Upimaji wenyewe ni sala ya uangalifu. Nilimwona mwanafunzi wake, kijana mwenye mikono mizuri, akikata mbao za boksi la lita 35: sentimita 40 kwa 35 kwa 25, hesabu inakubali. Mzee alimsimamisha. Kijana alikuwa akipimia nje. Ubao una unene wa milimita 18, na kuta ziko pande zote. Toa unene huo kila upande, ndani zinabaki sentimita 36.4 kwa 31.4 kwa 21.4. Ni lita 24 na nusu. Lita zaidi ya 10 zimeliwa na mbao zenyewe, na bado hujaitoa nafasi ya sumaku na ya ubao wa kukazia katikati. Kwa mtazamaji boksi lingekuwa lilelile, zuri, limevikwa kapeti. Kwa spika lingekuwa nyumba nyingine kabisa. "Tunajenga cha ndani," mzee alimwambia. "Mbao ni ganda tu."

Na ganda lenyewe lazima liwe bubu. Ukuta unaotetema huimba wimbo wake juu ya wimbo wako. Ndiyo sababu fundi huchagua MDF nzito au plaiwudi ya tabaka nyingi, hupaka gundi kila ungio, hukaza skrubu kwa umbali unaolingana, huziba pembe kwa silikoni. MDF ni nzuri kwa uzito na utulivu wake, ila maji ni adui yake. Ikilowa huvimba kama mkate kwenye chai. Kwenye mji wa pwani wenye unyevu kama wetu, buti inayovuja mvua ya masika itaumaliza ubao huo taratibu. Mzee hutia mkono chini ya zulia la buti kutafuta unyevu kabla ya kutaja aina ya ubao. Boksi likikauka hulifunga, huibonyeza koni taratibu kwa viganja viwili, huiachia, na kuitazama ikirudi. Ikirudi pole pole kwa upinzani, boksi limeshika pumzi. Ikirudi upesi kama haikuguswa, kuna mahali panavuja, na kazi inaanza upya.

Chaguo la pili ni kuipa hewa ya nyuma mlango. Sote tumewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda na kusikia mvumo wake. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19, alieleza kinachotokea: hewa iliyo shingoni mwa chupa ni mzigo, hewa ya tumboni ni springi, na mzigo ukining'inia kwenye springi una mtetemo wake mmoja unaoupenda. Punguza soda, mvumo unashuka. Albert Thuras wa maabara za Bell aliliingiza wazo hilo kwenye boksi la spika. Hataza yake ilitolewa mwaka 1932. Ukiweka bomba lenye upana na urefu uliopimwa kwenye boksi lililopimwa, mgongo wa koni unaacha kupoteza nguvu zake. Unalipuliza bomba kama chupa, na bomba linaimba pamoja na koni kwenye sauti zilezile za chini ambako koni peke yake ingechoka.

Faida ni kubwa: kwa wati zilezile unapata besi nene na yenye kusafiri. Gharama nayo ipo. Boksi lenye bomba huhitaji nafasi kubwa zaidi. Spika ya inchi 12 iliyotosheka na lita 30 na kitu ndani ya boksi lililofungwa huweza kudai 50 au 60. Bomba likiwa jembamba, hewa hupiga mluzi. Na chini ya mtetemo ambao bomba limepimiwa, springi inatoweka, koni inabaki inaelea bila wa kuizuia, na fundi asipoweka kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, spika hujivunja yenyewe.

Hapo ndipo swali la mzee lilipopata maana yake yote. Unasikiliza muziki gani? Singeli ya uswahilini, iliyokulia Manzese na Tandale, hukimbia midundo 200 na zaidi kwa dakika. Kila dundo lazima lizaliwe na kufa kabla ya lingine kufika. Boksi lenye bomba lililopimwa vibaya huburuta mkia wa kila dundo hadi juu ya linalofuata, na mwishowe unasikia ukungu badala ya ngoma. Singeli hutaka boksi lililofungwa, lenye kushika na kuachia. Amapiano ya Afrika Kusini hutembea kwa mwendo wa kadiri, na ngoma yake nzito huteleza na kuning'inia chini kwa muda mrefu. Hiyo hupendeza kwenye boksi la bomba lenye nafasi. Taarabu ya Unguja, yenye besi kubwa ya kusimama inayokokotwa vidoleni chini ya kanuni na fidla, haihitaji kishindo hata kidogo. Huhitaji ukweli: kusikia kidole kikiachia uzi, kisha mbao za ala zikitetema.

Mimi nilimjibu kwamba nasikiliza dansi. Nilikulia kwenye nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, enzi za Msondo Ngoma, bendi iliyozaliwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz na ambayo hatimaye ikachukua jina la ngoma yenyewe. Baba alizisikiliza kwenye redio ya mbao iliyokuwa na spika moja isiyozidi kiganja. Mzee akatabasamu. "Basi wewe unamtafuta mpiga besi," akasema. "Hujawahi kumsikia."

Kuna sheria ambayo wenye taaluma hii huirudia, iliyopewa jina la Anton Hofmann, mmoja wa waasisi watatu wa kampuni ya KLH ya Marekani. Inasema hivi: boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache, chagua mawili, la tatu utalilipia. Naiona kuwa sheria ya haki kuliko nyingi tulizonazo. Inamlazimisha mtu kujijua kabla ya kutoa fedha. Mwenye gari la kubeba magunia ya mchele kila Jumamosi hawezi kuitoa buti yote kwa lita 100 za boksi la inchi 15. Mwenye familia anahitaji mahali pa kuweka kiti cha mtoto na mkungu wa ndizi kutoka shamba. Fundi mwadilifu huyauliza hayo yote, kwa sababu sabufa iliyochaguliwa bila kuyajua itatolewa garini baada ya miezi mitatu, na kazi yake itakuwa imepotea.

Ukubwa wa spika nao una hesabu inayoshangaza. Inchi 12 inaonekana kubwa kidogo tu kuliko 10, lakini duara hukua kwa mraba: eneo la inchi za mraba 113 dhidi ya 78.5. Ya inchi 15 ina 177. Na mbili za inchi 10 kwa pamoja hufika 157, zikiishinda moja ya 12. Pia gari lenyewe ni sehemu ya ala. Kwenye IST, Noah au Probox, buti na viti vya abiria ni chumba kimoja, na mawimbi ambayo ni marefu kuliko chumba hayana mahali pa kukimbilia; kila koni inaposukuma, msongo wa hewa ya gari zima huongezeka. Kwa hiyo sauti za chini hupata msaada wa bure kutoka kwa gari. Kwenye gari lenye buti iliyotengwa kwa bati na viti, besi lazima ipenye, na fundi huigeuza spika, huisogeza, hutafuta upenyo. Spika ambayo ni bingwa kwa jirani yako inaweza kuwa butu kwako, na hakuna kati yenu aliyedanganywa.

Kuhusu wati niseme kwa ufupi, kwa kuwa zimesemwa mno. Tarakimu kubwa ya kwenye katoni huwa ni kilele cha kufumba na kufumbua. Inayofaa kusomwa ni ile ambayo spika inaweza kuibeba saa nzima bila kuungua. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua bila kushangaa. Ili usikie kwamba sauti imekuwa maradufu unahitaji wati mara 10 hivi. Na wati hazishuki kutoka mbinguni. Amplifaya ya wati 1,000 za kweli, ikipata asilimia 80 ya umeme inaomeza, hudai karibu ampea 90 kutoka mfumo wa volti 14. Betri ndogo ya gari dogo na oltaneta yake itapepesa taa kwa kila dundo, ikiomba msaada. Kwangu mzee alikadiria wati 300. Ampea 27 hivi. Gari langu lingezibeba bila kulalamika.

Sehemu ninayoistahi kuliko zote ni ile ambayo mteja haioni. Mzee alikwangua ncha ya waya kwa kisu. Chini ya rangi ya shaba kulikuwa na weupe wa aluminiamu. Akaurudisha, akachagua mwingine uliokuwa mwekundu hadi moyoni. Aliweka fyuzi karibu na betri, umbali usiozidi mkono mmoja, kwa sababu fyuzi hulinda waya, na waya unaoanzia betrini bila mlinzi ni moto unaosubiri ajali. Alipopitisha waya kwenye tundu la bati alilivika mpira kwanza. Alipofunga waya wa hasi alisugua rangi ya bodi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Waya wa umeme aliupitisha ubavu mmoja wa gari, nyaya za muziki ubavu wa pili, ili zisirithi mngurumo wa injini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho ningejua kukidai. Uaminifu wa fundi hukaa mahali ambapo jicho la mteja halifiki.

Kisha likaja jambo la mwisho, kulea. Redio ya asili ya gari, iliyotoka Japani ikiwa na mawimbi ya FM yanayoishia megahezi 90 ilhali yetu hufika 108, ilikuwa imeshabadilishwa. Mzee alikaa kiti cha dereva, akafumba macho. Geini aliianza chini kabisa, kwani geini si kitasa cha kuongeza sauti; ni mahali pa kulinganisha pumzi ya redio na koo la amplifaya. Aliikata sabufa isiimbe juu ya mitetemo 80 hivi, akaziachia spika za milangoni kilichobaki. Akageuza swichi ya mwelekeo, akasikiliza. Akairudisha, akasikiliza tena. Upande mmoja besi ilipungua, koni ya nyuma na za mbele zikivutana. Upande wa pili zilishikana mikono. "Ukijua besi inatoka buti," aliniambia, "kazi haijaisha." Sikio halitambui kwa urahisi sauti za chini sana zinatokea upande gani. Sabufa iliyoleleka vyema hujificha, ukadhani mpiga besi ameketi pale kwenye dashibodi, mbele yako, pamoja na wenzake.

Nilishangaa pia kwamba kitasa cha sauti kilikuwa chini. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio letu huwa zito kwa sauti nene hasa muziki unapokuwa mdogo. Kwa hiyo asiye na sabufa huongeza sauti yote akiitafuta besi, na kabla hajaipata amekwisha kuyaumiza masikio yake kwa sauti za juu. Wataalamu wa afya ya kazini hutaja desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Besi iliyochaguliwa vizuri humrudishia mtu uwezo wa kusikiliza kwa upole. Huwarudishia majirani usingizi pia. Naona hapo heshima ya ufundi huu: umepewa zana za kutikisa mtaa, ukazitumia kumfikishia mtu mmoja wimbo ulio kamili.

Mzee aliweka wimbo wa zamani nilioujua tangu utotoni, neno kwa neno, gitaa kwa gitaa. Zikapita sekunde chache za utangulizi. Kisha nikamsikia mtu ambaye hakuwahi kuwemo. Alikuwa chini ya wote, akitembea kwa hatua fupi, akisita kabla ya kiitikio, akijibizana na mwimbaji kwa namna ambayo nilikuwa nimeikosa maisha yangu yote. Alipiga sehemu yake studioni, ikarekodiwa, ikarushwa hewani, ikafika sebuleni kwetu na kukwama mbele ya spika isiyozidi kiganja. Baba aliupenda wimbo ule bila kumjua mtu aliyeubeba. Nilikaa mle garini mpaka wimbo ukaisha, na mzee hakunisemesha.

Katoni niliirudisha dukani. Aliyonifungia mzee ni spika moja ya inchi 10, isiyo na majivuno, yenye karatasi yake, ndani ya boksi lililofungwa la lita 19. Buti bado ina nafasi ya mkungu wa ndizi. Aliniandikia hesabu kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi: spika, amplifaya, ubao, gundi, skrubu, silikoni, kapeti, waya, fyuzi, kazi ya siku mbili. Nilipofika kwenye foleni ya Ubungo niliisoma tena mpaka mstari wa mwisho. Hewa haikuwemo. Alikuwa ameipima kwa siku mbili, akaijengea kuta, akaiziba, akaijaribu kwa viganja vyake, na hakunitoza hata shilingi kwa ajili yake. Nami njia nzima hadi nyumbani nilichokuwa nakisikiliza kilikuwa ni hiyo.